Jinsi ya Kulinda Ziwa Ambalo Si Lako

Mwongozo huu ni wa mtu aliyestaafu ualimu Dar es Salaam, akarudi Kisiba, wilayani Rungwe, akajenga kilimani kwa kiinua mgongo kilichosalimika na kikokotoo, akaelekeza kibaraza upande wa kusini, na sasa kila asubuhi anakunywa chai akiamini kwamba Mwenyezi Mungu, siku alipokuwa anaweka Ziwa Nyasa mahali pake, alikuwa ameshika mkononi ramani ya nyumba yake. Kama wewe si huyo, basi huenda ndiwe jirani yake wa bondeni. Nawe soma, ni vizuri ukajua anachokupangia.

Kabla hujalinda chochote, fanya kwanza hesabu ya mali. Kisiba kuna maji ya aina mbili ya kutazama. Yaliyo karibu ni ziwa dogo la volkano, ambalo wengine huliita Kisiba na wengine Masoko: duara la kipenyo cha mita kama 700, kina cha mita zaidi ya 35, limekaa shimoni mwake miaka ipatayo 50,000 bila kusaidiwa na mtu. Yaliyo mbali ni Ziwa Nyasa lenyewe, ule mstari unaong'aa baada ya tambarare ya Kyela, na Milima ya Livingstone imesimama kushoto kwake. Wenye bahati wana yote mawili. Wengine wana moja na nusu, na hiyo nusu huipata wakipanda juu ya ndoo.

Sasa toa mvua. Ukanda wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hizo huanza Novemba zikang'ang'ania mpaka Mei. Miezi hiyo yote kibaraza chako kinatazama ukungu. Juni na Julai mambo huwa mazuri. Kuanzia Agosti watu huchoma mashamba, kwa hiyo unatazama moshi. Ukijumlisha kwa uaminifu, utagundua umetumia akiba ya maisha yako ili uone ziwa wiki chache kwa mwaka, tena asubuhi, tena hasa Jumapili, ambapo uko kanisani. Usikate tamaa. Mali ikiwa haba ndipo mwenyewe anapoionea wivu.

Kwa amani ya nafsi yako, usichunguze sana maji hayo ya mbali ni ya nani. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890 ulichora mpaka ukingoni mwa ziwa, upande wetu huu, na Malawi inaushikilia mstari huo mpaka leo. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji. Mwaka 2011 Malawi ikatoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani, mwaka uliofuata kelele zikapanda, wakaombwa viongozi wastaafu wa Afrika wasuluhishe, Joaquim Chissano wa Msumbiji akiwa mbele. Ziwa bado lipo palepale, na mgogoro nao upo palepale. Maana yake, mwenzangu, unajiandaa kumshitaki jirani kwa kuziba kitu ambacho serikali mbili hazijakubaliana ni cha nani. Hili usilitaje mbele ya baraza la kijiji.

Baada ya mali, mjue mlinzi wake. Ulidhani mandhari yako inalindwa na serikali ya kijiji, au na mwinuko wa kilima. Hapana. Inalindwa na kukosa hela kwa mwenye shamba lililo chini yako. Miaka yote ile uliyokuwa unafundisha mjini, mzee yule alikuwa na migomba, magimbi, mibuni michache na kijumba cha tofali za kuchoma ambacho paa lake liliishia chini ya usawa wa kibaraza chako cha baadaye. Hakujenga kwenda juu kwa sababu hakuwa nacho. Wewe ukaja, ukaona upeo mpaka ziwani, ukapiga picha ukawatumia watoto, ukaandika chini yake kwamba hii ni zawadi ya asili. Asili haikuhusika sana. Ilikuwa zawadi ya mzee yule, naye hakujua kama anaitoa.

Ndiyo maana adui yako mkubwa Rungwe si mkandarasi. Ni parachichi. Zamani parachichi lilidondoka likaliwa na nguruwe, na aliyelipeleka sokoni alirudi nalo. Sasa imekuja miche ya Hass iliyounganishwa, inayoanza kuzaa ingali mifupi, na wanunuzi wanaoifuata na kreti za plastiki mpaka ukingoni mwa barabara. Tunda lililokuwa la nguruwe linasafiri kwenda Ulaya kwenye makontena ya baridi. Jirani yako analipa ada za wajukuu, anabadilisha bati, na kinachobaki hakilali benki. Kinageuka tofali. Usimwulize kwa nini. Wewe chako kiligeuka nini?

Basi jifunze kusoma dalili. Ya kwanza ni lori la mchanga. Mchanga peke yake usikutishe: kuna mchanga umemwagwa hapa ukakaa mpaka ukaota majani, na mtoto akazaliwa akajifunzia kutambaa juu yake. Kokoto ni habari nzito kidogo. Lakini siku utakapoona nondo za milimita 16 zimelazwa chini ya migomba, zimefunikwa turubai, ujue nguzo zinakuja, na hakuna anayesimamisha nguzo za namna ile kwa ajili ya nyumba ya chini. Slabu ikishamwagwa, panda uangalie pembe zake. Fundi ataacha nondo zikichungulia angani, zimepinda kidogo, zimeanza kutu. Mgeni hudhani ni kazi iliyoachwa. Mwenyeji anajua ni tangazo: ghorofa nyingine inasubiri msimu ujao wa parachichi. Chukua usawa wa slabu hiyo, ongeza mita tatu za ukuta na mita mbili za paa la msauzi, kisha linganisha na usawa wa macho yako ukiwa umekaa. Ukiwa umesimama haihesabiki. Hukujenga kibaraza ili usimame.

Hapo ndipo watu wengi hukimbilia kwa wakili. Nenda, si dhambi. Atakusikiliza kwa heshima mpaka utakapomaliza kulipia ushauri, kisha atakusimulia habari za banda la nguruwe.

Ni habari ya kweli. Mwaka 1610, huko Norfolk, Uingereza, bwana mmoja aitwaye William Aldred alimshitaki jirani aliyejenga banda la nguruwe ubavuni mwa nyumba yake. Alishinda, kwa sababu ya harufu. Hewa safi na mwanga wa dirishani, walisema majaji, mwanadamu anavihitaji. Lakini kuona mbali ni starehe tu, na starehe haifunguliwi kesi. Utauliza nguruwe wa Norfolk anakuhusu nini wewe wa Kisiba. Anakuhusu kwa ajili ya tarehe moja, Julai 22, 1920. Amri ya Mfalme kuhusu Tanganyika ilizileta huku sheria za Uingereza kama zilivyokuwa siku hiyo, pamoja na misingi iliyokuwa imejengwa na majaji wao karne kwa karne, na wanasheria wetu wangali wanaisoma misingi hiyo. Nguruwe yule alishuka melini pamoja na makarani.

Ukisema hayo ni ya kale mno, wakili anayo ya 1997. Wakazi kwa mamia walilalamika kwamba mnara wa Canary Wharf jijini London umewakatia mawimbi ya televisheni. Majaji wa juu kabisa wa nchi ile wakarudi kwenye kanuni ileile: mtu yuko huru kujenga katika ardhi yake, na kama jirani hawezi kudai mandhari iliyozibwa, hata picha za kwenye runinga hawezi kuzidai. Wenye hela nao hawakupona. Miaka ya 1950 huko Miami Beach, Marekani, hoteli ya Fontainebleau iliamua kuongeza jengo la ghorofa 14, ambalo kivuli chake kingeangukia alasiri kwenye bwawa la kuogelea la hoteli jirani, Eden Roc. Mwaka 1959 mahakama ya rufaa ikasema jua linalopita juu ya kiwanja cha mwenzako si mali yako. Wageni waliokuwa wamelipia jua wakapewa kivuli. Kama hoteli ya namna ile ilinyimwa jua, wewe na kiti chako cha plastiki mnakwenda kudai ziwa?

Sheria zetu wenyewe hazina ukali huo, zina ukimya. Sheria ya Ardhi ya 1999 na mwenzake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Wewe una hati ya hakimiliki ya kimila, umeiweka kwenye nailoni chini ya godoro. Itoe uisome. Utakuta mipaka na majirani. Hutakuta popote palipoandikwa unaona nini ukikaa katikati.

Iko njia moja inayofanya kazi kuliko zote. Unamwendea jirani, mnakubaliana asivuke kimo fulani, unamlipa kwa hasara hiyo, mnaandikiana mbele ya mashahidi na mtendaji anagonga muhuri. Hakuna anayeitumia, kwa kuwa inataka kumlipa jirani. Tuendelee na zile zinazopendwa.

Inayopendwa kwanza ni mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili, mto au bwawa. Ni kifungu kitamu. Kama shamba la jirani limeshuka kuelekea ziwa dogo, utakisoma mara tatu usiku huohuo na asubuhi utaandika barua, nakala kwa kila mwenye kiti cha kuzunguka. Lakini tepu haina upendeleo. Ikishatolewa mfukoni mwa ofisa aliyepanda kilima chote kile kwa miguu kwa ajili yako, haitakubali kurudi na kipimo kimoja. Itapima ukuta wa jirani: mita 84. Ofisa ataandika. Kisha atanyoosha mgongo, atazame huku na huku, aone kile kibanda cha nyasi ulichokijengea sakafu ya saruji karibu na maji ili wageni wako wa Krismasi wapate mahali pa kuchomea nyama wakiwa na mandhari. Mita 41. Kwa hiyo, kabla ya barua, pima vya kwako. Pima usiku, na mbwa umfunge.

(Wajerumani waliopiga kambi Masoko hawakusumbuliwa na tepu. Walikaa ukingoni kabisa mwa shimo la volkano, mahali palipowapendeza macho, na wenye ardhi hawakuulizwa. Wenyeji husimulia kwamba Vita vya Kwanza vilipowabana, walitupa fedha na silaha ziwani ili Mwingereza asivikute. Ikiwa ni kweli, basi hao ndio wakazi pekee wa Kisiba walioliachia ziwa chochote kwa kulitazama.)

Njia ya miti nayo ina wapenzi. Unapinga milingoti ya jirani kwa niaba ya chemchemi, kwamba mti huu unakunywa maji sana. Hoja ni nzuri na hata wataalamu wa misitu watakuunga mkono, mpaka mtu aulize nguzo za kibaraza chako ni za mti gani. Na hiyo chai unayokunywa ukilalamika imekaushwa kiwandani kwa kuni, na kuni zenyewe ni milingoti. Wengine hupanda ukuta wa miti yao wenyewe ili wasilione jengo la jirani. Hufanikiwa kabisa: baada ya miaka sita hawaoni jengo, hawaoni ziwa, wala hawaoni anayepiga hodi. Kuhusu migomba, usiiguse hata kwa maneno. Kumwambia mtu wa Rungwe akate mgomba kwa sababu wewe unataka kuona mbali ni kuomba usizikwe.

Usijaribu pia kulitangaza shamba la jirani kuwa mahali pa mizimu. Wazo hili humjia kila mtu aliyewahi kusikia habari za msitu wa Lubaga, palipokuwa pa matambiko ya Lwembe, mfalme mtakatifu wa Wanyakyusa, ambapo mti haukuguswa ovyo. Lakini wazee wanajua orodha kwa kichwa, na ukiwaongezea jina jipya watakuuliza mzimu huo ulihamia mwaka gani na ulitokea Dar es Salaam kwa basi lipi.

Njia ya manung'uniko ina historia yenye heshima zaidi. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alitoa mwaka 1951 kitabu kiitwacho Good Company, kuhusu vijiji vyetu vya rika. Vijana wa umri mmoja walijenga pamoja wakazeeka pamoja, kwa kuwa utamu wa maisha ulikuwa kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao, ukwangala. Humohumo alieleza silaha ya majirani: mtu akiwachukiza wenzake, manung'uniko yao yenyewe yaliaminika kumwingia akashikwa na baridi na homa. Pumzi ya watu. Najua umeshapata matumaini. Sasa ngoja. Pumzi hiyo ni ya wengi, na wewe uko peke yako kibarazani. Mkeo hayupo, ameshuka kwa jirani. Leo wanamwaga zege.

Siku ya zege itazame vizuri, maana ndiyo siku kesi yako inapotea. Mashine imekodishwa Tukuyu, inanguruma tangu saa moja. Vijana wamepanga mstari kutoka kwenye rundo la mchanga mpaka kwenye ngazi ya milunda, makarai yanapita mkono kwa mkono, na aliye juu kabisa akimimina anarusha karai tupu chini bila kutazama, naye wa chini analidaka bila kutazama. Anayelidaka ni mjukuu wako, analipwa. Chini ya mparachichi kina mama wanamenya ndizi, visu vinakwenda upesi kuliko mazungumzo, na mkeo ndiye anayepiga kelele kwamba chumvi imesahauliwa. Mtu anapita na ndoo ya maji, anakuona huko juu umekaa peke yako, anakupungia mkono. Nani atanung'unika na wewe? Na saa nane mchana mtoto atapandisha kilima na sahani imefunikwa kwa jani la mgomba, ndizi na nyama, sehemu yako. Kula. Ukikataa, pumzi ya watu itageuza njia.

Wapo wanaoshauri kuzoea. Ushauri huu nimeupatia ushahidi wa kisayansi, tena wa ndani ya ziwa lenyewe. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu samaki wadogo wa Masoko, jamii ya sato, wanaoelekea kugawanyika kuwa aina mbili: wa manjano wanaokaa pembeni penye mwanga, na wa buluu walioshuka kilindini kwenye giza. Tofauti mojawapo iliyoonekana katika jeni zao inahusu macho, kwa kuwa mwanga wa juu si mwanga wa chini. Kwa hiyo inawezekana kabisa kiumbe wa Kisiba kuhamia kivulini akapata macho ya kumfaa. Watafiti walikadiria kazi hiyo imechukua kama miaka 500 hadi 1,000. Anza mapema.

Ukiona hilo linachelewa, nenda kwa jirani mwenyewe. Watu wenye akili huanzia hapa. Sisi tumeshalipa wakili. Nenda jioni, usiende na tepu. Msalimie kama mtu mzima.

"Mugonile, tata."

"Ndaga. Karibu, mwalimu, vuta kiti. Mama, mwalimu amekuja."

Zungumzeni mvua. Zungumzeni bei ya mbolea, na yule mnunuzi aliyekuja na mzani wake mwenyewe. Kisha, ukiwa umeshika kikombe cha pili, sema kama mtu asiye na shida:

"Hivi tata, umefikiria kuishia wapi?"

"Kuishia wapi na nini?"

"Na huko juu."

"Aa, juu! Mungu akijalia."

Mungu akijalia haipo kwenye vipimo vya mchora ramani, lakini Rungwe huwa haipungui ghorofa mbili. Maliza chai, aga, rudi nyumbani. Sasa umebakiwa na baraza.

Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba, na sheria inataka watatu wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Wewe unafikiria wale wanne. Wa kuwaogopa ni wale watatu. Mtakaa ofisi ya kijiji kwenye mabenchi marefu, jirani amevaa koti, wewe umekuja na picha za ziwa ulizozisafisha rangi Mbeya. Karani atafungua daftari aanze kama anavyoanza siku zote.

"Mlalamikaji, mpaka umevukwa?"

"Hapana."

"Njia imefungwa?"

"Hapana."

"Maji ya mvua ya kwake yanashukia kwako?"

Yanapanda vipi, na wewe uko juu? "Hapana."

"Sasa umepoteza nini?"

"Ziwa."

Mwenyekiti atavua miwani. "Limekwenda wapi?"

"Lipo. Halionekani."

"Halionekani na nani?"

"Na mimi. Nikiwa nimekaa."

"Na ukisimama?"

"Nikisimama naliona."

"Basi simama, mwalimu."

Subiri kicheko kiishe. Toa picha. Zitapita mkono kwa mkono, na mama mmoja atakaa nazo kuliko wengine. Atauliza kama hizi zimepigwa pale kwako, pale palipokuwa na mwembe. Utasema ndiyo. Atasema wao zamani walikuwa wakitoka kisimani wanatua ndoo pale chini ya mwembe, wanapumzika, wanaliona ziwa lote mpaka ng'ambo, kabla ya nyumba yako. Hatasema zaidi. Atakurudishia picha kwa mikono miwili.

Kisha jirani ataomba kuuliza swali moja tu. Mwongozo huu kazi yake ilikuwa kukuandaa kwa swali hilo, na bado utalijibu vibaya.

"Mwalimu anasema kule kuona ziwa kuna thamani?"

Utasema: "Kubwa sana."

"Na akiwa kibarazani, analionea juu ya shamba la nani?"

Kimya.

"Basi wazee wangu na mama zangu, miaka yote hii macho ya mwalimu yamekuwa yakilisha shambani kwangu, asubuhi na jioni, bila mchungaji. Wangekuwa ng'ombe wake tungekuwa tumeshamalizana. Mimi sikujua kama pale pana malisho. Leo ameniambia mwenyewe, tena anasema ni makubwa sana. Naomba baraza litufanyie hesabu."

Hapo utaona baraza likichangamka kwa mara ya kwanza. Kuzibwa ziwa hawakuwahi kukusuluhisha, lakini kulisha shamba la mtu ni kazi yao ya kila msimu, wana viwango na wana uzoefu. Karani atageuza ukurasa mpya. Mjumbe mmoja atauliza kama yahesabiwe macho mawili au manne, kwa kuwa mwalimu huvaa miwani. Mwingine atauliza kuhusu wageni wa Krismasi na Pasaka, kwamba nao si walilishwa palepale, tena kwa makundi. Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa haki, atataka miezi ya ukungu ipunguzwe, na ile ya moshi pia, na Jumapili zote. Mama wa mwembe atasema wasisahau na ile miaka ya kisimani, lakini hiyo atasema waiache, yaishe.

Kitakachopatikana kitakuwa kidogo: jogoo mmoja, kreti mbili za soda, na wewe mwenyewe kuonekana siku ya kumwaga slabu ya pili, hata kama ni kwa kushika bomba la maji. Kubali. Lipa siku hiyohiyo, usidai nakala ya muhtasari, usianze kueleza habari za Norfolk, na ondoka kwa mlango wa nyuma kabla yule jirani yako wa kaskazini, ambaye juu ya mibuni yake ndiko unakoonea Mlima Rungwe, hajamaliza kuegesha pikipiki.